Ufunguo Uko Wapi?

Jioni moja ya mwezi uliopita tulimkuta kijana wa jengo letu, hapa mtaa wa Kotze, ameketi ngazini na leso mdomoni. Ni kijana wa Tanga, na huu ni mwaka wake wa pili tangu aanze kujifunza kazi ya kukereza chuma katika karakana moja upande wa Germiston. Meno mawili ya mbele yalikuwa yamevunjika na mdomo wa juu umeshonwa. Tulidhani amevamiwa na wezi, jambo ambalo kwa mkazi wa Hillbrow halihitaji maelezo. Kijana akatikisa kichwa. "Hapana, mwalimu. Nimepigwa na ufunguo."

Nyumbani kwao kulikuwa na majawabu mawili. Mama yake alisema ni mkosi, na kwamba kijana aiache kazi hiyo arudi kuuza soksi na chaja za simu barabara ya Pretoria kama alivyokuwa akifanya zamani. Mjomba wake alisema ni uzembe, na mzembe hana wa kumlaumu. Sisi tuliosomesha fizikia kwa zaidi ya miaka thelathini hatukuridhika na jawabu la mama wala la mjomba. Tulimwomba kijana atueleze jambo lenyewe lilivyokuwa, na alipopata nafuu tukaomba ruhusa, tukaenda naye karakanani Jumamosi moja kuyaona kwa macho. Haya tuyaandikayo ni matunda ya ziara hiyo, pamoja na machache tuliyoyapata vitabuni. Huenda yakawafaa wazazi wenzetu, maana si mmoja wala wawili walio na watoto katika karakana za chuma za mji huu na za Germiston.

Mtu aingiapo mara ya kwanza katika karakana ya namna hiyo, macho yake huvutwa na mahali chuma kinapokatwa: maji meupe ya kupozea yakimiminika, na nyuzi za chuma zikijikunja kama maganda ya chungwa linalomenywa. Fundi mzoefu hatazami hapo kwanza. Hutazama namna vitu vilivyoshikwa. Maana katika kazi hii viko viwili vya kushikwa, kile kinachokatwa na kile kinachokata, na kimojawapo kikilegea hata kidogo, ama kazi imeharibika, ama mtu ameumia, ama yote mawili.

Kerezo ni mashine ambayo kipande cha chuma huzungushwa, na kisu kikasogezwa polepole kukichonga. Kinachokishika kipande hicho ni kichwa kizito cha mviringo chenye taya. Mafundi wengi hukiita chaki, kwa kufuata Kiingereza, nasi tutakiita hivyo hivyo, ingawa kwa mtu aliyekula vumbi la chaki ya ubaoni maisha yake yote jina hilo linachekesha kidogo. Chaki ya kawaida ina taya tatu. Ndani yake mna sahani ya chuma iliyochongwa mfereji unaozunguka kama gamba la konokono, na kila taya ina meno yaliyokaa katika mfereji huo. Pembeni mwa chaki mna tundu la mraba. Fundi hutia ufunguo wenye umbo la herufi T tunduni, huuzungusha, sahani nayo huzunguka, na taya zote tatu husogea pamoja kuelekea katikati hadi zikauma chuma. Hati ya uvumbuzi wa chaki ya namna hii ilitolewa Marekani mwaka 1840 kwa Simon Fairman wa jimbo la Connecticut, na lau mzee huyo angefufuka leo akaingizwa katika karakana ya Germiston, angeitambua kazi yake bila ya kuuliza.

Ufunguo huo wa herufi T ndio uliompiga kijana wetu. Alikuwa amekwisha kukibana chuma, akageuka kuchukua kipimo, mtu akamwita, akajibu, akarudi, akawasha mashine na ufunguo ungali tunduni. Chaki ilipozunguka, ufunguo ulitoka kama jiwe la teo. Tulikaa na kijana tukapiga hesabu juu ya bahasha. Ncha ya ufunguo ule iko kama sentimita 20 kutoka katikati ya mzunguko. Mashine ikifikia mizunguko 1,000 kwa dakika, ncha hiyo inakwenda meta 21 kwa sekunde, yaani kilomita 75 kwa saa, mwendo wa teksi zetu zikiwa na haraka. Na hata uruke kabla ya kufikia nusu ya mwendo huo, ni chuma kizito, na kinakuja kwenye uso wa mtu aliyesimama hatua moja tu mbele yake.

Hapa tunaomba tutoke njiani kidogo, kwa ajili ya watoto wanaodhani kazi hii ilianzia kwa Wazungu. Neno kereza ni letu. Katika visiwa vya Lamu mafundi walikuwa wakikereza matendegu ya vitanda, kisha wakayapaka lakiri ya rangi, na vitanda hivyo bado vipo katika majumba ya kale na katika majumba ya makumbusho. Kerezo lao lilikuwa karibu na ardhi: ncha mbili za chuma zimeelekezana, kipande cha mti kimewekwa kati yake, na kamba ya upinde imezungushwa juu ya mti ule. Fundi aliketi chini, mkono mmoja ukivuta na kusukuma upinde, mkono mwingine umeshika patasi, na mguu ukisaidia kuielekeza. Mti uliokaa kati ya ncha mbili hauna pa kwenda, huweza kuzunguka tu. Mpaka leo, kwenye kerezo la kisasa la chuma, kazi itakiwayo kuwa sahihi mno hushikwa vivyo hivyo, kati ya ncha mbili, wala haijapatikana njia iliyo bora sana kuliko hiyo.

Upinde ulikuwa na kasoro yake. Mti ulizunguka kwenda na kurudi, na patasi ikakata wakati wa kwenda tu. Lakini ulikuwa na adabu ambayo mota haina: mkono ukisimama, kerezo nalo husimama.

Ama kukishika kile kinachokata, hilo nalo lina historia yake. Kwa karne nyingi patasi ilishikwa kwa mkono, hata kwa kazi za chuma. Huko London, karibu na mwaka 1800, fundi Henry Maudslay alijenga kerezo ambalo kisu kimebanwa katika kishikio cha chuma kinachoteleza juu ya reli na kusukumwa kwa parafujo. Wengine walikuwa wamekwisha kulijaribu wazo hilo kabla yake, ila kazi yake ndiyo iliyoenea. Tangu hapo ikawezekana kukata hesi za bolti ambazo kila moja inalingana na mwenzake, maana mkono wa mwanadamu hutetemeka na huchoka, na parafujo haichoki. Wasomaji wetu waliowahi kutengeneza baiskeli kwa nati iliyonunuliwa duka jingine, mji mwingine, wanafaidi jambo hilo bila ya kulijua.

Kijana alituonyesha pia kosa jingine ambalo halitoi damu, ila hutoa hasara, nalo mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kulielewa akiwa na rula yake ya plastiki. Mwambieni aibane rula ukingoni mwa meza kwa kiganja, itokeze sentimita 10, kisha aibonyeze ncha yake kwa kidole. Halafu aitokeze sentimita 20, aibonyeze kwa nguvu ile ile. Watu wengi hutazamia kuwa itapinda mara mbili. Inapinda mara 8, kwa sababu kupinda hufuata urefu uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Kisu cha kerezo nacho ni rula, ingawa ni cha chuma kigumu. Mwanafunzi akikitokeza nje ya kishikio kuliko inavyohitajika, kwa uvivu wa kukipanga upya, kisu hutetemeka, mashine hulia kama mlango wa bawaba kavu, na uso wa chuma hutoka na mawimbi. Fundi aliye chumba cha pili huisikia sauti hiyo na kujua kosa liko wapi kabla hajaja.

Kwenye mashine ya keekee mambo ni mengine. Keekee kubwa haibanwi kwa taya. Shina lake lina mchongoko, yaani linapungua unene kidogo kidogo, kama milimita 1 kwa kila milimita 20 za urefu, nalo huingizwa katika tundu lenye mchongoko ule ule. Mtindo huu ulienezwa na Mmarekani Stephen Morse katika miaka ya 1860 na unabeba jina lake hadi leo. Hakuna parafujo wala pini. Vyuma viwili vinashikana kwa sababu vimelingana na vimesukumana. Akina mama wanalijua jambo hili kuliko wahandisi: bilauri mbili zikichomekwa moja ndani ya nyingine kabatini, hugoma kuachana, na mtu akilazimisha huvunja. Keekee hutolewa kwa kugonga kabari katika tundu maalumu lililo pembeni. Sharti lake ni usafi. Chembe moja ya chuma ikibaki ndani ya tundu, keekee hukaa upande na kila shimo hutoka kubwa kuliko lililokusudiwa. Tulimwona kijana akilipangusa tundu hilo kwa kitambaa, kisha akaliingiza kidole, mashine ikiwa imezimwa na swichi kubwa ya ukutani imeshushwa, akahisi kama kuna kitu. Tulifurahi kuona hivyo.

Na kile kinachotobolewa je? Huwekwa katika jiliwa, ambalo vijana huliita vaisi, au hubanwa juu ya meza ya mashine. Kukishika kwa mkono ni kucheza na kidole. Keekee inapokaribia kutoboa upande wa pili huuma ghafla, na bati lililoshikwa kwa mkono huzunguka kama panga la feni. Katika karakana ile tulimkuta mzee mmoja Mzulu mwenye vidole vitatu tu katika mkono wa kushoto. Hakutueleza habari zake wala hatukumwuliza, ila alipoona tunaitazama meza ya keekee aliunyanyua mkono huo, akatabasamu.

Msidhani kwamba dawa ya yote ni kubana zaidi. Pete nyembamba ya chuma ikibanwa kwa nguvu katika taya tatu, hubonyea pasipo kuonekana kwa macho. Fundi huikereza mpaka ndani yake ikawa duara kamili, akaipima, akafurahi. Akifungua taya, pete hujirudi, na lile duara lake likawa na pembe tatu. Kwa kazi kama hizo mafundi hutumia taya laini, ambazo kwanza hukerezwa zenyewe zikapata unene wa pete ile, zikaikumbatia pande zote badala ya kuiuma mahali patatu. Hali kadhalika chaki ya taya tatu, hata ikiwa nzuri, hukosea katikati kwa sehemu chache za mia za milimita, na iliyochakaa hukosea zaidi. Unywele wa kichwani una unene wa kama mia 7 za milimita, basi tunazungumzia makosa ya unywele. Kazi isiyovumilia kosa hilo hupelekwa kwenye chaki ya taya nne, ambayo kila taya husogezwa peke yake, na fundi huweka saa ya kupimia juu ya chuma, akakizungusha kwa mkono, akalegeza hapa na kukaza pale, hadi mshale wa saa utulie. Kijana alitufanyia kwa dakika kumi na mbili. Msimamizi wake alifanya kwa dakika tatu, huku akizungumza nasi.

Sasa turudi kwenye ufunguo. Zipo funguo za chaki zenye kamani, ambazo mkono ukiziachia hujisukuma zenyewe nje ya tundu, hata mtu akisahau. Zipo pia mashine zenye kinga ya chaki, kifuniko ambacho kisiposhushwa mota haiwaki, na kikishushwa hugonga ufunguo uliosahauliwa. Pale karakanani tuliukuta ufunguo wa namna ya kwanza, na kamani yake imeng'olewa. Kinga nayo ilikuwapo, ila ilikuwa imefungwa kwa waya ibaki juu, na swichi yake ikadanganywa. Msimamizi, ambaye alitupokea kwa uungwana na hakutuficha neno, alisema kuwa waliotumia mashine ile zamani walifanya hivyo kwa kuwa kamani humchosha mtu anayefunga na kufungua mara mia kwa siku, na kinga humchelewesha. Malipo yao yalihesabiwa kwa idadi ya vipande.

Kwa hiyo mjomba, pamoja na heshima zote, alisema nusu ya kweli. Kijana alisahau, naam. Lakini vitu viwili vilivyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya siku ambayo mtu atasahau vilikuwa vimeondolewa kabla hajafika, na wala hakuambiwa kuwa viliwahi kuwapo. Na mama yetu naye, mkosi haung'oi kamani.

Wazazi wajue kwamba Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya nchi hii, ya mwaka 1993, inamtaka mwajiri atoe mashine salama, maelezo na mafunzo, wala haimruhusu kumkata mfanyakazi mshahara kwa vifaa vya kinga anavyopaswa kumpa. Nayo sheria ya fidia ya walioumia kazini, ya mwaka huo huo, inamtaka mwajiri atoe taarifa ya ajali ndani ya siku 7 tangu apate habari, na dai nalo huwa na muda wake maalumu. Tunasisitiza mambo hayo ya muda kwa sababu watu wetu wana tabia ya kunyamaza, wakiona kuwa mgeni hadai. Mjomba, baada ya kuelezwa, alifunga safari mwenyewe kwenda kuhakikisha kuwa fomu imejazwa.

Kuhusu mavazi tutasema machache. Siku ya Ijumaa vijana hutoka msikitini, muda wa chakula umekwisha, na mtu akaona arudi mashineni na kanzu yake. Asifanye hivyo hata kwa dakika tano. Mkono wa kanzu ukinaswa na chaki, hakuna nguvu ya mwanadamu itakayoshinda mota. Glavu nazo, ambazo mtu hudhani ni kinga, haziruhusiwi karibu na kitu kinachozunguka kwa sababu hiyo hiyo. Pete zivuliwe. Na binti zetu wanaosomea ufundi, maana wapo na wanafanya vizuri, waivae hijabu ya kitambaa kinachobana, ncha zake ziingie ndani ya ovaroli, bila ya pini wala kipande kinachoning'inia. Hakuna mgongano wowote hapa kati ya stara na usalama.

Lilibaki shauri la mama, kwamba kijana aiache kazi. Hatukukubaliana naye, na tulimweleza sababu. Mji huu ulizaliwa na dhahabu mwaka 1886, na karakana hizi zilizaliwa na migodi, iliyohitaji pampu na vipuri kila siku. Lakini Sheria ya Uanagenzi ya mwaka 1922 iliweka masharti ya elimu ambayo kwa vitendo yaliwafungia Waafrika mlango wa ufundi, wakabaki kufagia nyuzi za chuma chini ya mashine ambazo wengi wao walijua kuziendesha. Mlango ulianza kufunguka baada ya ripoti ya Tume ya Wiehahn ya mwaka 1979 na sheria ya mafunzo ya mwaka 1981. Mzee yule wa vidole vitatu alianza kazi kabla ya hapo. Kwetu Tanzania tulipita njia nyingine. Mang'ula, katika bonde la Kilombero, Wachina walijenga karakana kwa ajili ya reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975, kisha ikageuzwa kuwa kiwanda cha taifa cha zana za mashine. Na katika miaka ya 1980, Moshi, kwa msaada wa Bulgaria, kilijengwa kiwanda cha kutengeneza makerezo yenyewe. Viwanda hivyo vilidorora, na mafundi wakatawanyika. Bila ya shaka wapo miongoni mwa wasomaji wetu wenye baba au mjomba aliyepitia huko, na vyeti vyake vingali sandukuni. Visitupwe. Tathmini ya vyeti vya nje hufanywa na SAQA, Pretoria, na Olifantsfontein, njia ya kwenda Pretoria, kipo kituo cha serikali cha kupima mafundi kiitwacho INDLELA. Kijana wetu anatarajia kufika huko kwa mtihani wake, na fundi aliyefaulu mtihani ule hauzi soksi.

Mama alisikiliza, hakujibu. Alichouliza ni jambo moja tu, nalo lilikuwa zuri kuliko yote tuliyoyauliza sisi: je, mtu afanye nini ili asisahau, maadamu kusahau ni kwa wote? Tulimpa kanuni tuliyopewa na msimamizi. Ufunguo ukiwa tunduni, mkono usiuachie, hata akiitwa na mwenye kiwanda. Mkono ukitoka, ufunguo utoke nao, utundikwe msumarini.

Kijana amerudi kazini. Kamani mpya imetiwa, waya wa kinga umekatwa, na msimamizi ametuambia kuwa wenzake wananung'unika kidogo kwa kucheleweshwa. Meno bado. Alfajiri, kabla hajashuka ngazi kwenda kupanda teksi ya Noord, mama yake humzuia mlangoni na kikombe cha chai mkononi.

"Ufunguo uko wapi?"

"Mkononi, mama. Au msumarini."

Ndipo humpa chai.